Ua hili halikutoka Ulaya, limetoka kwetu Usambara

Mhariri,

Ukurasa wenu wa nyumba na bustani, Jumamosi wiki mbili zilizopita, ulitoa picha ya chungu kidogo chenye maua ya zambarau na majani ya duara. Chini ya picha mliandika kwamba hilo ni ua la Ulaya, linapendeza ofisini kwenye kiyoyozi, na halifai kwa joto la pwani. Nimeikata picha ile nikaibandika ukutani juu ya cherehani yangu. Hapo chini yake, dirishani, ninavyo vyungu 14 vya ua lile lile. Dirisha lenyewe liko Ngamiani, Tanga, na joto la Tanga mwezi wa Februari hakuna asiyelijua. Leo asubuhi vyungu 9 vina maua.

Naomba nafasi nieleze, maana jambo hili limenikaa rohoni miaka mingi.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona magauni ya harusi, sare za shule na mabuibui, na kibaraza changu ni kile kile tangu nilipoolewa. Kilimo cha maua sikusomea. Lakini nimezaliwa Kisiwani, wilaya ya Muheza, chini ya milima ya Amani, na ua hili nimekua nalo kabla sijajua kutunga uzi kwenye sindano.

Mama mkubwa, Mungu amrehemu, alikuwa akituchukua watoto wa kike kwenda kufua kijitoni. Mahali penyewe palikuwa na jabali kubwa kuliko nyumba, limeinamia maji, na chini yake palikuwa na ubaridi hata saa saba mchana. Kwenye nyufa za jabali lile, ambako majani ya miti yalikuwa yamenasa yakaoza yakawa mboji nyeusi ya kiasi cha kujaza kiganja, ndiko maua yalikokaa. Yalibana jiwe, majani yamejipanga duara kama sahani, na katikati vijiua vya buluu iliyokolea kuelekea zambarau, kila kimoja na kitone cha manjano. Hakuna aliyeyachuma. Hayanukii, hayaliwi, na ukilichomeka kwenye nywele linanyauka kabla hujafika nyumbani. Sisi tuliyaita maua ya jabalini, basi.

Jambo moja nililiona nikiwa mtoto, na maana yake nikaja kuielewa ukubwani. Mvua ikinyesha, maua yale hayalowi. Jabali liliyakinga kwa juu. Maji yalipita nyuma yake, yanachuruzika taratibu kwenye ufa, yanakutana na mizizi, na jani lenyewe linabaki kavu. Siri ya kulitunza ua hili nyumbani iko pale. Linywe chini, kichwa kisiloe.

Mwaka 2011 nilikwenda Dar es Salaam kufuata vitambaa, na kwenye kitalu kimoja cha maua barabarani nikaliona limewekwa kwenye chungu cha plastiki. Muuzaji aliliita vayoleti. Bei shilingi 15,000. Nikamwambia, mwanangu, hili mbona kama ninalijua? Akasema, hapana mama, hili mbegu yake ni ya Uholanzi. Nilinyamaza. Mtu akikuambia jambo kwa uhakika, na wewe una kumbukumbu ya utotoni tu, unaanza kuitilia shaka kumbukumbu yako. Nikalipa, nikapanda nalo basi nimelipakata mpaka Tanga.

Lilikufa baada ya wiki sita. Nililiweka kwenye ngazi za kibaraza lipate jua, na kila jioni nikalimwagia maji juu kwa kata, kama ninavyomwagilia mchaichai. Majani yakaota madoa meupe, kisha kile kitovu cha katikati kikageuka kahawia na kuwa laini. Nilipoligusa likang'oka lote mkononi. Niliumia. Niliosha kile chungu nikakiweka juu ya kabati, kitupu.

Miaka mitatu baadaye aliletwa kwangu binti wa Kitanga anayeishi Hamburg, anataka gauni la harusi. Alikuja na mama mkwe wake, Mjerumani. Yule mama alikaa akitazama nikipima, na binti akawa anatafsiri. Katika mazungumzo nikamweleza mimi asili yangu ni huko milimani, Usambara. Yule mama aliposikia neno hilo akaruka. "Usambaraveilchen!" akasema, akafungua simu, akanionyesha picha ya dirisha la jikoni kwake: vyungu vitano, maua ya jabalini kwa mama mkubwa. Binti akanieleza kwamba kwa Kijerumani jina la ua hili ndilo hilo, yaani urujuani wa Usambara, na hata bibi yake mumewe alikuwa nayo, na mama wa bibi vilevile.

Mhariri, niliiacha chaki mezani. Watu wa Ujerumani wanalitaja ua hili kwa jina la milima yetu kila wanapoomba kuuziwa, na mimi mzaliwa wa milima hiyo nimeambiwa na kijana wa kitalu kwamba ni la Uholanzi, nikakubali.

Mpwa wangu aliyekuwa chuoni alinisaidia kusoma habari zake. Mwaka 1892 Tanga ilikuwa chini ya Wajerumani, na mkuu wao wa wilaya hapa aliitwa Walter von Saint Paul-Illaire. Huyu Kiswahili alikijua, na miaka miwili nyuma alikuwa ameshatoa kitabu cha kuwafundishia wenzake lugha yetu. Aliliona ua hili, akapeleka kwa baba yake huko Silesia, na baba akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland akaliandika kitaalamu kwa jina la Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni la ukoo wa wale mabwana, la pili ni Kigiriki, maana yake ua mfano wa urujuani. Mwaka huohuo likaonyeshwa kwenye maonyesho ya maua mjini Ghent, Ubelgiji, na kampuni ya mbegu ya Benary ya Erfurt ikaanza kuliuza. Siku hizi wataalamu wameliingiza katika jamii ya Streptocarpus, lakini wenye vitalu bado wanatumia lile jina la zamani. Urujuani wenyewe wa Ulaya si ndugu yake, wamefanana rangi tu.

Sasa nisikilizeni hapa, ninyi mlioandika kwamba halifai kwa joto la pwani. Katika maandishi yake ya 1893 Wendland alieleza, kama alivyoambiwa, kwamba ua hili lilionekana mahali pawili. Mahali pa kwanza ni kwenye msitu wa Usambara, juu milimani. Mahali pa pili ni mwendo wa saa moja tu kutoka mji wa Tanga, kwenye nyufa za mawe ya chokaa chini ya miti, mahali palipopanda kidogo tu kutoka usawa wa bahari. Mawe ya chokaa, kama yale tunayoyaona Amboni. Kwa hiyo ni la pwani tangu mwanzo. Likipata kivuli na unyevu, joto letu linalijua vizuri. Na si sisi peke yetu tulio nalo. Wenzetu wa Kenya wana jamaa zake kwenye kilima cha Mbololo huko Taita, na wengine kwenye majabali ya chokaa upande wa Kaloleni, Kilifi.

Wamarekani ndio waliolipenda kupita kiasi. Mwaka 1927 kitalu kimoja cha Los Angeles, cha Armacost na Royston, kiliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakachagua miche kumi iliyo bora wakaipa majina. Kufika 1946 walikuwa wanafanya maonyesho ya ua hili peke yake mjini Atlanta. Leo kuna jeupe, la waridi, lenye rangi mbili, na hata lenye kingo zilizokunjwa kama marinda. Ni mazuri, na mawili ya namna hiyo ninayo. Ila ya buluu ile ya jabalini, iliyo na petali mbili ndogo juu na tatu kubwa chini, mimi sijaona inayoishinda.

Sasa nieleze ninavyolitunza, kwa sababu nimewaona watu wengi wakilinunua ghali na kulitupa baada ya mwezi, wakisema lina mkosi.

Kwanza mwanga. Lile dirisha ninaloshonea linatazama kusini, na mbele yake upo mwembe wa jirani. Jua haliingii ndani, lakini mwanga unatosha kutunga uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi bila kuwasha taa. Huo ndio mwanga wa ua hili. Ukikaa pale na sindano ukaona tundu bila kukunja uso, na mkono wako haupigwi na jua, weka chungu hapo. Pakiwa na giza, majani yanarefusha vikonyo, yanajinyanyua kutafuta mwanga, na maua hupati. Pakiwa na jua kali, majani yanapauka na kuungua kingo. Na kila nikifungua kazi Jumatatu ninavizungusha vyungu robo duara, la sivyo mmea unaelekea upande mmoja kama gauni lililokosewa bega.

Maji ndiyo yanayoua mengi. Jani la ua hili ni mahameli. Lichukue ulisogeze karibu na jicho, utaona lina malaika meupe yaliyosimama, kama ya mkono wa mtoto mchanga, na tone la maji likidondoka linakaa juu ya malaika yale halitawanyiki. Maji yakiwa na ubaridi kuliko jani, pale yalipogusa panabaki doa ambalo halitoki tena. Yakituama kitovuni, kitovu kinaoza. Mimi ninaweka maji kwenye kisahani, ninakalisha chungu ndani yake kwa muda wa nusu saa, udongo unavuta wenyewe kutoka chini, na yanayobaki ninayamwaga. Kisha sirudii mpaka nikigusa udongo kwa kidole niukute umekauka juu. Kipindi cha kusi inafika siku sita au saba, wakati wa kaskazi siku tatu nne. Maji ya visima vyetu vya mjini yana chumvi, na ukiyatumia muda mrefu utaona ukoko mweupe kwenye mdomo wa chungu na majani yanayogusa ukoko huo yanaoza kikonyo. Nimeweka pipa chini ya bati, nakinga mvua ya masika na ya vuli. Mwaka ambao pipa lilipasuka nilinunua maji ya chupa, na sikujuta.

Udongo wa bustani usitumie. Ni mzito, unaziba pumzi ya mizizi. Tanga hatuna shida, makumbi tunayo. Ninachukua chenga za makumbi, lakini hapa kuna jambo: makumbi mengi ya kwetu yameloweshwa maji ya bahari, kwa hiyo ninayaosha kwa maji yasiyo na chumvi mara tatu na kuyaanika. Makumbi mafungu mawili, mboji iliyochekechwa fungu moja, na fungu moja la chenga za mkaa pamoja na mchanga wa mtoni ulio mnene. Ukiufinyanga mkononi ukafungua kiganja, unatakiwa uachie wenyewe.

Chungu kiwe kidogo. Huko jabalini linaishi kwenye mboji ya kiganja kimoja, na ukilipa ndoo nzima linahangaika na mizizi na kusahau maua, na udongo usiofikiwa na mizizi unabaki umelowa mpaka unachacha. Kama majani yametanuka inchi tisa, chungu cha inchi tatu kinatosha. Ninatoboa makopo ya mtindi.

Wakati wa kaskazi ninapanga vyungu juu ya sinia lenye kokoto na maji kidogo chini yake, vyungu visiguse maji, ule mvuke unayapoza majani. Maua yaliyokufa ninayakata kwa mkasi wa uzi. Na kuna wadudu wanaitwa vidung'ata, weupe kama pamba, wanajificha makwapani mwa majani. Nikiwaona mapema ninawagusa mmoja mmoja kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa spiriti. Wakishatambaa mpaka mizizini ninauteketeza mmea, nabaki na jani moja safi la kuanzia upya.

Jani moja. Hapa ndipo ninapotaka kila msomaji asimame, kwa sababu hili ndilo linalonifanya niandike barua hii.

Huhitaji mche kupata mche. Unahitaji jani. Chagua la mzunguko wa kati, usichukue changa la kitovuni wala la chini lililozeeka. Acha kikonyo urefu wa pingili moja ya kidole na ukikate kwa wembe mpya, kwa mshazari, kama unavyokata utepe wa kupindia shingo ya gauni. Lichomeke kwenye kikombe chenye makumbi yaliyolowa kidogo, limeegemea ukingo. Funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, weka mbali na jua, kisha usiliguse. Kwenye wiki ya nne hivi, ukilivuta kwa ncha za vidole linakataa. Limeshika. Na kama mwezi wa pili au wa tatu, chini ya kikonyo, udongo unapasuka na vijani vinachungulia, vidogo kama masikio ya panya, na tayari vina malaika yake. Jani moja limewahi kunipa miche sita. Vikifikia ukubwa wa shilingi mia unavitenganisha, kila kimoja na kopo lake, na kwa hesabu yangu hapa Tanga, kati ya mwezi wa nane na wa kumi tangu siku ulipokata, unapata ua la kwanza.

Vyungu 14 vilivyo dirishani kwangu, na vingine ambavyo sina hesabu navyo kwa kuvigawa harusini, vimetoka kwenye majani matatu.

Mwezi wa Agosti mwaka jana, stendi ya Muheza, nilimwona kijana ana ndoo. Ndani ya ndoo mimea ya jabalini, imeng'olewa, mizizi inaning'inia na vipande vya mawe bado vimeng'ang'ania. Anawauzia wasafiri 3,000 kila mmoja. Nilihesabu 22. Mingi ilikuwa imeshalegea, na hao walionunua najua kesho yake waliimwagia maji juu na kuianika juani. Sikumgombeza, ana mtoto mdogo, na hakuna aliyemwambia kitu. Nilikaa naye kwenye benchi nikamwonyesha kwamba ndoo ile ingeweza kuwa majani ishirini tu, jabali likabaki na maua yake, na yeye baada ya miezi sita akawa na miche mia. Alisikiliza. Alichukua makopo mawili niliyokuwa nayo kwenye kikapu. Sijamwona tena tangu siku hiyo, ingawa nikipita Muheza huwa ninashuka kuulizia.

Watu wa mjini wanaweza kudhani milima yote imejaa, ukichukua hapa patajaza pale. Haiko hivyo. Ua hili linaishi jabali kwa jabali. Mbegu zake ni vumbi, hazifiki mbali, na zinahitaji mwamba wenye kivuli na unyevu mwaka mzima. Katika milima yetu ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita na kushuka kwetu, ziko aina zinazojulikana mahali pamoja au pawili tu duniani. Jabali likivuliwa kivuli, yamekwisha.

Nililiona hilo kwa macho yangu mwaka 2019, tulipokwenda kumzika mama mkubwa. Baada ya mazishi nilishuka peke yangu kijitoni. Ile miti iliyokuwa ng'ambo ilikuwa imekatwa, wamepanda miwa na ndizi mpaka ukingoni. Jua la saa tano lilikuwa linapiga uso wa jabali. Kwenye nyufa za mbele nilikuta majani yamekauka yakawa kama karatasi ya ugoro, yamekunjamana, na nilipoligusa moja likawa unga. Nililala chali kwenye mawe ya kufulia, kwa nguo zile zile za msibani, nikachungulia chini ya mbavu ya jabali inayoinama zaidi. Huko ndani, ambako jua haliingii, yalikuwapo 11. Moja lilikuwa na ua. Nyuki mdogo aliingia, akaning'inia kwenye kile kitone cha manjano akakitikisa kwa mlio wa mbawa, akaondoka.

Nilikata jani moja. Nililifunga kwenye leso yenye unyevu nikalitia kwenye boksi la uzi. Ndilo mama wa vyungu vitano nilivyo navyo leo, vile vya buluu.

Jabali lile liko kwenye ardhi ya kijiji, halimo ndani ya hifadhi. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa 1997, na maua yaliyomo yanalindwa na walinzi. Mapema zaidi, mwaka 1902, Wajerumani walianzisha pale kituo chao cha utafiti, na miti waliyoileta kutoka duniani kote bado imesimama na wageni wanaipigia picha. Naomba na majabali ya kijitoni yahesabiwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekwisha kusema shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira ya mto, zisifanywe ndani ya mita 60 kutoka ukingo wake. Iliki na pilipili manga zinakubali kivuli cha msitu, na wazee wetu walizilima hivyo hivyo bila kuufyeka wote. Sisemi watu wasilime. Nimelelewa na iliki. Nasema ile miti inayolifunika jabali, mitano au sita, iachwe.

Kwa ndugu zangu wenye vitalu, Dar es Salaam, Arusha, Mombasa na kwingineko: andikeni kibao kidogo kwenye chungu, "Urujuani wa Usambara". Wateja watauliza, mtawajibu. Na mkiletewa mimea yenye mawe mizizini, msinunue.

Kwenu gazetini nina maombi mawili. La kwanza, mrekebishe maneno yale ya chini ya picha, kwa herufi za ukubwa ule ule na kwenye ukurasa ule ule. Mwanafunzi wa Muheza aliyesoma kwamba ua la kwao ni la Ulaya anatakiwa asome pia kwamba si kweli. La pili, mtume mwandishi na mpiga picha Kisiwani. Waje Julai au Agosti, njia haitelezi na kijito kimepungua. Binamu yangu bado anaishi pale, atawapeleka. Wavae nguo wasizojali kuchafua, kwa sababu ili kuyaona itabidi walale chali.

Mwezi ujao ninapeleka makopo 12 kwenye shule ya msingi iliyo karibu na kijito. Nimekubaliana na mwalimu kila darasa lipate moja, liwekwe dirisha lisilo na jua, na watoto wajifunze kukata jani. Makopo yote 12 yametoka kwenye lile jani la leso. Manane yameshatoa vichwa vya maua, manne bado.

Wako,
Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga